Kutoka Kipande hadi Cheti cha Tabia Njema

Kwa miaka kadhaa, katika ghala dogo lililo nyuma ya ofisi yetu, kulikuwako droo moja ya mbao ya mvule isiyokuwa na meza. Makarani waliitumia kuhifadhi orodha za mahudhurio. Haikuwa na msumari hata mmoja: pembe zake nne ziliunganishwa kwa meno yaliyokatwa kwa patasi na kushikana kama vidole vya mikono miwili. Droo hiyo ilitengenezwa kwa muda wa saa tatu, mbele ya macho yetu, na mtu aliyekuja kuomba kazi ya useremala katika karakana ya chuo ninachofundisha. Nami nilikuwa mmoja wa watu watano walioketi kumsaili.

Walikuwa waombaji saba. Yule bwana aliwashinda wote katika mtihani wa vitendo, na msimamizi wa karakana, mzee asiyesifu mtu ovyo, alitamka waziwazi kwamba hajapata kuona mkono kama ule tangu alipoajiriwa. Katika fomu ya maombi palikuwa na swali: je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama? Naye aliandika kwa herufi kubwa: NDIYO. Nafasi iliyoachwa kwa maelezo ilikuwa nusu ya mstari. Aliijaza kwa maneno manne: kuvunja duka, kifungo nimemaliza. Alikuwa na cheti cha mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la kwanza. Lakini kituo alichofanyia mtihani kiliandikwa juu ya cheti hicho, nacho kilikuwa gereza. Karatasi iliyothibitisha kwamba anaijua kazi ndiyo hiyo hiyo iliyotangaza alikojifunzia.

Kilipofika cheti chake cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi, kikiwa na maelezo ya kosa lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulitaja, mwenyekiti aliliweka faili lake kando na kuuliza kama kuna mwenye neno. Mimi ni mwalimu wa historia. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimefundisha darasa la mwaka wa pili kuhusu kipande. Nilikaa kimya. Tukahamia kwa mwombaji aliyefuata.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya kimya kile. Lakini sitaki kuandika ungamo, kwa maana ungamo la mhadhiri halimpatii mtu kazi. Nataka kueleza jinsi nchi hii ilivyofika mahali ambapo watu watano wenye akili timamu, tena wenye huruma nyumbani kwao, waliona kwamba jambo la kawaida kabisa ni kumwacha fundi bora kwa sababu ya karatasi.

Tuanze na kipande chenyewe. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini vita viliichelewesha, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na historia ya kazi zake. Hati hiyo aliibeba ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na jina hilo lilisema yote.

Wanafunzi wangu huijua kengele ile, lakini aghalabu huyapita bila kuyatazama maandishi yaliyokuwa ndani yake. Mwajiri alitia humo tarehe ya kuanza kazi, kiasi cha mshahara na tarehe ya kuondoka. Mfanyakazi asiyetiliwa sahihi ya kuachiliwa hangeweza kuajiriwa kwingine. Akiondoka bila ruhusa alihesabiwa kuwa mtoro, na utoro kazini ulikuwa kosa la jinai, sio mgogoro wa mkataba. Mshahara ulioandikwa kwa bwana wa kwanza ukawa kipimo cha bwana wa pili. Kwa hiyo kipande kilifanya kazi mbili kwa mpigo: kilikuwa hati ya polisi na pia kilikuwa barua ya mwajiri. Humo ndani, historia ya mtu mbele ya sheria na historia yake mbele ya kazi zilishonwa pamoja kwa uzi mmoja. Uzi huo, kwa maoni yangu, haujakatwa mpaka leo.

Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mwaka 1921, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Kipande kiliendelea kwa robo karne nyingine. Kilifutwa mwaka 1947, mahali pake pakaingia kitambulisho cha watu wa rangi zote. Hata hivyo neno lenyewe lilikataa kufa. Nenda leo kwenye foleni yoyote ya kuomba kitambulisho na utasikia kijana aliyezaliwa karne hii akisema kwamba amekuja kuchukua kipande. Lugha ina kumbukumbu ndefu kuliko serikali.

Kuna jambo lisilojulikana sana kuhusu wakati huo, nami huona kwamba lina mafunzo kuliko kipande. Wakoloni wenyewe walitambua kwamba jela inaharibu jina la mtu. Magereza yalikuwa yakijaa watu ambao hakuna aliyewaona kuwa wahalifu: aliyekosa kulipa kodi, aliyekutwa bila kipande, aliyeacha kazi kabla ya mwezi kwisha. Mwaka 1925 ikapitishwa sheria ya kuanzisha kambi za kizuizi, zilizokuwa mbali na magereza, ili wenye makosa madogo wasichanganywe na wezi sugu wala wasitoke na doa la ufungwa. Nia haikuwa njema kiasi hicho, kwani kambi hizo zilikuwa pia chemchemi ya kazi ya bure ya barabara na majengo ya serikali. Lakini wazo lilikuwapo, limeandikwa katika sheria ya nchi miaka mia moja iliyopita, kwamba si kila adhabu inastahili kumfuata mtu hadi kwenye ajira yake. Sisi tuliorithi sheria zile tuliliacha wazo hilo na kubaki na jela.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu kwa maelfu ya watu walipitishwa kambini. Walipangwa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kwa kadiri walivyodhaniwa kuwa wameukana au kuung'ang'ania Mau Mau. Nje ya kambi nako karatasi zilizidi. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru aliyetaka kazi Nairobi alihitaji kitabu cha ruhusa, na katika uchaguzi wa mwaka 1957, wa kwanza kwa Waafrika kupiga kura, watu wa jamii hizo walitakiwa kuonyesha hati ya utiifu. Tabia njema, kwa maana ya kisiasa, ikawa kitu kinachotolewa na ofisa na kupigwa muhuri.

Katikati ya unyama huo palitokea jambo la ajabu, nami nalitaja kwa tahadhari, maana sitaki kuipamba serikali ile. Mwaka 1955 wavulana waliokuwa wamefungiwa Manyani pamoja na watu wazima walihamishiwa Wamumu, karibu na Embu. Mmoja wa waliowasimamia alikuwa Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha kituo cha Starehe. Wamumu ilikuwa kambi, tena kambi ya kuwabadilisha watoto fikra kwa manufaa ya mkoloni. Lakini walifundishwa ufundi, na jambo la maana zaidi ni kwamba walitafutiwa kazi. Waliowafunga ndio waliowadhamini kwa waajiri. Hapo naona kitu ambacho mipango yetu mingi ya leo haina. Tunafundisha useremala gerezani kwa uhodari mkubwa, kisha tunamfungulia mtu lango na kumwachia nauli ya kwenda kwao. Fundi asiye na mdhamini ni sawa na yule asiye na patasi.

Sasa nifike mahali ambapo darasa langu hunyamaza kila mwaka.

Tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Alikitumikia Lokitaung, kaskazini kabisa, ambako kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake. Baadaye aliwekwa Lodwar na Maralal, akaachiliwa Agosti 1961. Alipotoka, chama chake kilimtaka aingie katika Baraza la Kutunga Sheria. Kikwazo kilikuwa kimoja: kwa mujibu wa sheria, mtu aliyepata kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka miwili hakuruhusiwa kuketi humo. Kwa lugha ya matangazo yetu ya ajira, mwombaji hakutimiza masharti.

Basi walifanya nini? Hawakumwambia ajaribu biashara ndogo. Waliibadilisha sheria. Kariuki Njiiri akakiacha kiti chake cha Fort Hall, na Januari 1962 Kenyatta akaingia barazani bila kupingwa. Miezi kumi na saba baadaye, tarehe 1 Juni 1963, alikuwa Waziri Mkuu.

Kila mwaka mwanafunzi mmoja huinua mkono na kusema kwamba Kenyatta alifungwa kwa hila. Ni kweli, shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, alikiri mwaka 1958 kwamba alisema uongo. Lakini hukumu haikuwa imefutwa na mahakama. Sheria haikubadilishwa kwa kuwa mtu ameonekana hana hatia. Ilibadilishwa kwa kuwa nchi ilimhitaji. Hizo ni sababu mbili tofauti kabisa.

Tena si yeye peke yake. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, hakusingiziwa kitu. Alikuwa kamanda wa msituni kweli. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha akasamehewa kitanzi na kupelekwa Lokitaung. Huko Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Alipotoka alipelekwa Israeli kwa mafunzo ya kijeshi, na serikali mpya ilipoanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, Itote alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Tazama njia aliyopitia: hukumu ya kifo, kifungo, elimu ndani ya kifungo, mafunzo ya kazi baada ya kifungo, kisha wadhifa wa kuwafunza vijana wa taifa zima ufundi na nidhamu. Kama kuna nchi iliyothibitisha kwamba mfungwa anaweza kuwa mwalimu wa vijana, ni yetu. Na leo, Huduma hiyo hiyo inapotangaza nafasi za kuwasajili vijana, mwenye rekodi ya jinai huambiwa asijisumbue. Itote mwenye umri wa miaka ishirini asingepita langoni mwa shirika alilosaidia kulijenga.

J. M. Kariuki naye alizungushwa kambini kwa miaka saba, akatoka mwaka 1960, akaandika kitabu cha maisha yake ya kizuizini, akawa mbunge. Bunge la kwanza la Kenya huru lilikuwa na watu kadhaa waliozijua nyua za magereza kwa ndani. Mtu angetarajia kwamba kizazi hicho ndicho kingekuwa cha kwanza kutunga sheria ya kumfutia mfungwa doa lake baada ya muda fulani. Hakikufanya hivyo. Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu nililonalo halipendezi: walijiona kuwa wafungwa wa aina nyingine. Kati ya mfungwa wa siasa na mwizi wa duka walichora mstari, na mstari huo ulipokwisha kuchorwa, waliokuwa upande wa juu waliondoka na ngazi. Mwaka 1968 nchi huru ilitunga sheria ya uzururaji iliyofanana mno na zile walizokamatiwa baba zao kwa kukosa kipande. Ilidumu hadi mwaka 1997.

Uingereza, iliyotuachia mfumo huu, ilijirekebisha kwake yenyewe. Mwaka 1974 bunge la London lilipitisha sheria inayosema kwamba hukumu nyingi, muda maalumu ukipita bila mtu kurudia kosa, zihesabiwe kuwa zimekwisha, na mwajiri wa kawaida hana haki ya kuziuliza. Afrika Kusini nako, mtu aliyehukumiwa kwa makosa ya kiwango fulani anaweza, baada ya miaka kumi, kuomba rekodi yake ifutwe. Kwetu sisi hakuna sheria ya jumla ya namna hiyo. Sheria ya mtoto ilijaribu kwa upande wake kwa kukataza maneno ya kumtia mtoto hatiani na kumfunga. Lakini kijana akishavuka miaka 18, doa alipatalo Jumatatu kwa kupigana baa litakuwapo atakapoomba kazi akiwa na wajukuu.

Ndani ya magereza yenyewe, haki itendeke kwa wanaostahili, mambo yamebadilika. Mwaka 2003 Moody Awori alipokabidhiwa wizara iliyohusika na magereza, milango ilifunguliwa kwa waandishi wa habari, wafungwa wakapata magodoro na mavazi ya staha zaidi, na elimu ikapanuka. Wafungwa hufanya mitihani ya taifa kama watoto wa nje. Wako waliosoma sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa Kamiti na Naivasha. Useremala, uashi, ushonaji, uchomeleaji na kilimo hufundishwa, na mitihani ya ufundi inayosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, hufanyiwa humo humo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilitamka kwamba hukumu ya lazima ya kifo ni kinyume cha katiba. Tangu hapo wako watu waliodhani watafia ndani wakajikuta wamerudi kwa mahakimu, na wengine wakatoka, na vyeti mkononi.

Hebu sasa tazama nambari ya gari lolote lililo mbele yako barabarani. Vibao vile hutengenezwa Kamiti. Waziri, askari, mhadhiri na mmiliki wa matatu, wote hutembea na kazi ya mikono ya wafungwa imefungwa mbele na nyuma ya magari yao. Tunaiamini kazi hiyo kiasi cha kuifanya alama ya uhalali wa gari. Aliyeitengeneza, tukimkuta nje ya ukuta, tunamwomba alete cheti cha tabia njema.

Cheti hicho kinapatikana kwa Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai. Mwombaji hulipa ada yake kwa mtandao, huchapisha fomu, huenda kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi, kisha husubiri. Hudaiwa dereva wa matatu kabla ya kupewa beji yake, mwalimu kabla ya kusajiliwa, na siku hizi hata mfagizi wa ofisi. Katiba ya mwaka 2010, Sura ya Sita, ilitaka uadilifu kwa viongozi. Katika kuitekeleza tukawatwisha mzigo wa Sura ya Sita vijana wanaotafuta kazi ya kufungua lango, huku viongozi wenyewe wakilitafutia kila sharti tundu la kupenyea.

Ulinganifu huu haujatiwa chumvi. Soma Kifungu cha 99 cha Katiba. Mtu hazuiwi kugombea ubunge kwa sababu tu alipata kufungwa zamani. Huzuiwa ikiwa anakabiliwa na kifungo cha angalau miezi sita wakati wa kujiandikisha au wakati wa uchaguzi. Ukiondoa makosa ya kutumia vibaya madaraka ya umma, ambayo yana kifungu chao, aliyemaliza adhabu yake yuko huru kuomba kura. Nami naliona hilo kuwa jambo jema. Ninachouliza ni hiki: kama aliyevunja duka akiwa na miaka 22 anaweza kisheria kuketi bungeni akipitisha bajeti ya taifa, ni hekima gani inayomzuia kutengeneza madawati?

Nimesikia pingamizi, na moja kati yake ni la haki. Liko kundi la makosa ambalo mwajiri lazima alijue. Aliyemdhulumu mtoto hapaswi kurudi kati ya watoto, sasa wala baadaye, na sheria yoyote ya kufuta rekodi isiyoliweka wazi hilo nitaipinga mimi mwenyewe. Mhasibu aliyeiba fedha za ushirika asikabidhiwe sanduku la ushirika mwingine kimyakimya. Lakini katika mifano hiyo kuna uhusiano kati ya kosa na kazi. Watumishi wa umma wanaosoma hapa, ninyi mnaoandika matangazo ya ajira, mngeweza kuanza hapo bila kusubiri bunge: ulizeni kama kosa linahusiana na kazi, ulizeni lilitendwa lini, na mwacheni mtu aeleze kwa zaidi ya nusu mstari. Tangu marekebisho ya sheria ya ajira ya mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kudai hati hizi ila kwa mtu anayekusudia kumwajiri. Maana yake ni kwamba mikono ya mtu huonekana kwanza, karatasi baadaye. Ni hatua ndogo. Katika kisa changu isingetosha, kwa sababu mikono tuliiona kwanza, na tukaichagua karatasi.

Kwa vijana walio katika hali hii, na wapo wanaoniandikia, nisiwafiche. Njia iliyo wazi zaidi bado ni jua kali. Kamukunji na Gikomba hakuna anayeuliza alama za vidole. Huulizwa kama bawaba itashika. Fanyeni mtihani wa NITA hata kama mnaijua kazi, na aliyetoka na daraja la tatu asiishie hapo: afanye daraja la pili nje, katika kituo cha kawaida, ili cheti kipya kibebe jina la mahali pengine. Tafuteni fundi mmoja atakayekubali kuandika barua kwa jina lake. Na mkijazishwa fomu, semeni kweli. Nalisema hilo nikijua vizuri kwamba yupo aliyesema kweli mbele yangu na haikumsaidia.

Nilimwona tena miaka miwili baada ya usaili, Gikomba, upande wa mafundi wa vitanda na makabati. Alinitambua kabla sijamtambua. Alikuwa na wasaidizi wawili na kazi nyingi. Wakati ule alikuwa akitengeneza madawati ya mfanyabiashara mmoja mwenye zabuni ya kuyapeleka shuleni. Nilimuuliza shule zipi. Akacheka, akasema hajui, yeye hulipwa kwa dawati, na wanaonunua hawaulizi nani kalitengeneza.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Mwalimu," akasema, "ile droo bado mnayo?"

Nikamwambia ipo.

"Mbao ilikuwa yangu. Tuliambiwa kila mtu aje na mbao yake. Mvule ule nilinunua kwa deni."

Wiki iliyofuata niliitoa ghalani. Niliziweka orodha za mahudhurio ndani ya katoni la karatasi za kuchapia, nikaifunika droo kwa gazeti na kuipakata katika matatu hadi Gikomba. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipindua, akaibinya pembe moja baada ya nyingine kwa kidole gumba. Hakuna iliyocheza. Akaiweka juu ya benchi lake la kazi, kati ya randa na mkebe wa gundi, akaniuliza kama nafasi ile ya kazi ilijazwa.

Nikamwambia ilijazwa mwezi ule ule.

"Na huyo aliyeipata, anajua kuunganisha droo?"

Nikamwambia sijui. Sikuwahi kuuliza.